Kumsindikiza Chiriku

Mimi nashona viti vya magari. Kabla hujauliza: ndiyo, ni mwanamke, na hapana, kazi hii sikurithi kwa mume. Mume mwenyewe alishaenda zake zamani, akaniachia mtoto mmoja wa kike na cherehani ambayo wala haikuwa yake. Banda langu liko ndani ya gereji, mwisho wa mji, ubavuni mwa Nyundo. Nyundo ndiye mwenye gereji na ndiye mnyoosha bodi. Jina lake la kuzaliwa nadhani hata mkewe amelisahau.

Huyo mtoto niliyeachiwa tunamwita Chiriku. Alianza kuongea kabla hajatambaa, na mpaka leo hajavuta pumzi. Anaendesha gari la mayai. Anapakia trei shambani kwa wafuga kuku, anakuja nazo mjini, anasambaza madukani. Kazi ya mayai haitaki pupa, na mwanangu alikuwa anajisifu kwamba gari lake likifika, hata yai moja halijatoa ufa. Nami nilikuwa nasifu kuliko yeye, maana usipomsifu wako utamsifu wa nani?

Sasa, kwetu mtu hasafiri bila kusindikizwa. Mama yangu mzazi alikuwa akimsindikiza mgeni mpaka njia panda, mgeni anaona aibu, anamrudisha mama mpaka mlangoni, mama naye anaona haifai, anamsindikiza tena. Jua linazama watu wanasindikizana tu. Mimi tabia hiyo nikaihamishia kwenye simu. Chiriku akishapakia mayai, nampigia. Anaichomeka simu kwenye kishikio chake pale mbele, anafungua spika, na mimi naongea naye njia nzima mpaka nasikia honi yake hapa nje. Kila siku ya kazi. Barabara ile ni ndefu, imenyooka, ina usingizi; mtu akiwa na mama yake masikioni atasinziaje? Na simu ya mama haikatwi. Hiyo nilimfundisha tangu siku aliposhika simu ya kwanza. Mkatie bosi, mkatie mchumba, mama hakatiwi.

"Mwache mtoto aendeshe gari," Nyundo alikuwa ananiambia, huku anagonga bati lake.

"Anaendesha. Mikono yote miwili iko kwenye usukani, simu haigusi."

"Mikono sijaiulizia."

Nikasonya. Mwanaume mwenyewe anatafuta miwani wakati ameivaa, halafu anifundishe kulea!

Basi siku moja Nyundo akaburuta gari dogo jeupe mpaka uani. Mbele palikuwa hapana. Sijui nisemeje; palikuwa hapana kabisa, kama mtu aliyeng'olewa uso. Lakini kiti cha dereva kilikuwa kimebaki kizima, ngozi ya kijivu, mishono iliyotulia. Mimi nikiona mshono mzuri moyo hunienda mbio.

"Nani alikuwemo?" nikauliza.

"Nesi mmoja. Binti tu, anatoka zamu. Kona ya matangi ya maji kulikuwa na lori limeharibika, limeegeshwa pembeni, na matawi wameweka ya kutahadharisha watu. Akaingia chini yake. Mchana kweupe, ndugu yangu, na alama ya breki haipo hata ya dawa." Nyundo akafuta jasho. "Ndugu zake waliitafuta simu yake mpaka wakachoka. Haikuonekana."

Gari la mayai kiti chake kilikuwa kimekufa, springi zinamchoma mwanangu kiunoni. Nikakigusa kile cha kijivu. Hakina tone la damu, hakina mchaniko.

"Utamkalisha mwanao hapo?" Nyundo akaniangalia.

"Kiti ni kiti. Kitanda cha hospitali kimelaliwa na wangapi? Mbona ukiumwa unalala?"

Nikakifungua, nikakisafisha, nikabadilisha reli zake ili zikae kwenye gari la mayai. Kitu kimoja nilikiona. Sponji ilikuwa imebonyea upande mmoja, upande wa ndani, kama mwenyewe alikuwa anakaa ameegemea huko kila siku. Nikasema moyoni, maskini, alikuwa na mgongo mbovu. Nikajaza kipande cha sponji mpya juu juu, nikafunga kazi. Chini ya kiti sikufungua. Kitu kizima unakifungulia nini?

Siku ya kwanza na kiti kipya, Chiriku alifurahi mpaka akaimba. Nikampigia kama kawaida, mimi nashona, yeye anaendesha, tunamsengenya jirani yetu aliyenunua kochi lisilopita mlangoni. Nilikuwa katikati ya kuelezea jinsi kochi lilivyokwama na yeye jirani akiwa upande wa ndani, nikasikia:

"Nimeiona, mama. Nzuri."

"Umeona nini?" nikauliza.

"Nani?" akasema Chiriku.

"Si umesema umeiona?"

"Sijasema kitu, mama. Nilikuwa nakunywa maji."

Tukacheka, tukasema mitandao hii, watu wanaingiliana tu. Lakini sauti ile nilibaki nayo. Haikuwa ya mwanangu. Chiriku ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Hii ilikuwa ya chini, ya heshima, imechoka kidogo, sauti ya mtu anayetoka kazini.

Jioni hiyo gari liliingia na trei moja imelowa.

"Mbuzi, mama," akasema, uso umemshuka. "Nilimuona amechelewa."

"Mbuzi ndiye aliyechelewa?"

"Ah, mama! Mimi ndiye niliyechelewa kumuona."

Yaliyopasuka hayauziki. Tukayakaanga palepale kwenye jiko la Nyundo, tukala na vitunguu, tukamlaani mbuzi. Kesho yake yakapasuka mengine. Hapo ilikuwa baiskeli. Keshokutwa tuta la barabarani, tuta ambalo amelipanda tangu aanze kazi. Gereji nzima ikanenepa. Nyundo akawa anakuja na chumvi yake mfukoni. Na mimi, Mungu anisamehe, nikawa nageuza mayai kwenye kikaango na kushukuru riziki.

Sauti ikawa inarudi. Nikaanza kujua inarudi wapi: Chiriku akishasema tu "napita matangi," haipiti dakika, inaingia. "Nimeiona, mama. Nzuri." Siku moja nikajikaza. Nikaacha sindano, nikauliza, "Wewe ni nani?"

Halafu ikaja karibu, karibu mno, hadi nikahisi pumzi sikioni.

"Nimeiona, mama."

Na nyuma yake Chiriku anaendelea na hadithi yake, anacheka, hajasikia chochote. Nikajaribu kuongea, mdomo mkavu, mimi huyu ambaye hata msibani huambiwa ninyamaze.

Halafu kukawa na jambo la shingo. Mwanangu alianza kuinamisha kichwa. Tunakula, kichwa kinamwendea upande, macho chini, kuelekea pajani, kana kwamba ameweka kitu hapo.

"Unatazama nini?"

"Wapi?"

"Hapo chini."

"Sitazami kitu, mama." Na anaponijibu bado anatazama. Mezani, kwenye ngazi, hata akiwa amelala usingizi, shingo imepinda upande uleule. Upande uliobonyea kwenye kiti.

Mwenye akili angeng'oa kiti siku hiyohiyo. Mimi akili yangu ilikwenda kwingine. Nikasema, kama kuna kitu barabarani kinamfuata mwanangu, ndiyo asiachwe peke yake hata chembe. Nikazidisha dozi. Nikawa nampigia kabla hajawasha gari, nampigia akisimama dukani, nikimkosa nampigia tena na tena. Nikawa naongea bila kituo ili ile sauti isipate pa kupenya. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi nilikuwa nausukuma kwa nyundo.

Ilikuwa mchana, saa ambayo Chiriku yuko shambani anafunga trei. Nilikuwa nimeinama kwenye cherehani, nikasikia hodi ya taratibu.

"Karibu, mama," nikasema.

Mwanamke wa umri wangu, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, mkoba ameukumbatia kifuani. Hakuwa na sura ya mtu mwenye gari.

"Samahani, dada. Ni hapa lilipoletwa gari dogo jeupe, lililogonga lori?"

"Ni hapa. Lakini lilishakatwakatwa, mwenzangu."

"Najua. Nilitaka kiti tu. Si kukichukua." Akaubana mkoba. "Naomba nikae kidogo kwenye kiti cha mwanangu."

Nimeshona viti vya maharusi, vya wagonjwa, vya walevi waliotapika. Ombi kama hilo sijapata. Nikamweleza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, kwamba kiti kiko kwenye gari la binti yangu, na binti yangu atakuwa anaanza safari sasa hivi, akae kwenye kigoda amsubiri. Akakaa. Nikamletea maji. Kisha, kwa mazoea, nikachukua simu.

"Unampigia nani?" akauliza.

"Huyohuyo binti yangu. Kama yuko barabarani huwa namsindikiza."

Bilauri ikasimama mkononi mwake.

"Unamsindikiza," akasema polepole. Hakuuliza. "Kwa simu."

"Ndiyo. Njia nzima. Ametegesha spika, haishiki."

Yule mama akaiweka bilauri chini, akaisogeza mbali na mguu wake, kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wangu wenye simu. Ulikuwa wa baridi.

"Dada, subiri kwanza. Nikuambie kitu, halafu utapiga ukitaka."

Nikasubiri. Sijui kwa nini, mimi si mtu wa kusubiri.

"Mimi nilikuwa namsindikiza wangu," akasema. "Akitoka zamu amechoka, naogopa atasinzia. Kwa hiyo nampigia. Siku ile nilikuwa dukani nachagua kitambaa cha pazia la chumba chake. Yupo hewani, tunaongea vizuri, nikamwambia nimekutumia picha, niambie kama unaipenda maana mwenye duka ananiharakisha. Akasema, mama, niko barabarani, nitaangalia nikifika. Mwanangu alikuwa na akili, dada. Alisema ataangalia akifika. Mimi ndiye niliyemwambia, jamani, sekunde moja tu, kwani hiyo barabara itahama?"

Nje Nyundo alikuwa ameacha kugonga.

"Nikasikia kimya kidogo, anatafuta. Halafu akaniambia..."

"Nimeiona, mama," nikasema mimi. "Nzuri."

Yule mama akanitazama. Sitaki kukumbuka alivyonitazama. Kisha akasema, "Anasema hivyo na kwako?"

"Kila siku. Kwenye matangi."

Hakulia. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari ya mtoto wake kutoka mbali. "Waliokuja msibani wote waliniambia ajali haina kinga," akasema. "Wote. Nami nanyamaza, naitikia asanteni. Lakini ya kwangu ilikuwa nayo kinga. Ilikuwa mkononi mwangu, kitufe chekundu, kikubwa hivi. Ningekibonyeza tu. Ningesema, endesha, tutaongea ukifika."

Simu ikalia.

Ilikuwa ya kwangu. Kwenye kioo, picha ya Chiriku ametoa ulimi. Bila shaka alikuwa ameshaingia barabarani, ameona mama kachelewa kupiga, akapiga yeye. Mkono wangu ukaenda wenyewe.

"Usipokee," akasema yule mama.

"Ni mwanangu!"

"Ndiyo maana."

"Nimwambie tu asimame! Nimwambie aweke simu!"

"Utamwambia nini asikusikilize kwa masikio yote? Utamwambia kuna maiti kwenye kiti chake? Akiwa anaendesha?" Alikuwa amesimama. "Ukipokea atakuwa na wewe. Hatakuwa barabarani."

Nilimchukia. Nasema kweli, kwa muda ule nilimchukia mwanamke yule kuliko mtu yeyote niliyewahi kumchukia, na nina orodha. Simu ikalia mpaka ikakatika. Ikalia tena. Mama hakatiwi, nilimfundisha hivyo, na mtoto pia hakatiwi, sijawahi hata siku moja kumwacha alie peke yake. Sasa nimesimama katikati ya banda langu, mikono nimeibana kwapani, naangalia ile picha ya ulimi inawaka, inazima, inawaka. Nikawa naiambia simu kwa sauti, "Acha kupiga, mwanangu. Tazama mbele. Tazama mbele, nakuomba."

Ikanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mlio. Nikapiga hesabu kichwani: sasa ametoka geti, sasa daraja, sasa matangi. Hasa matangi. Yule mama naye alikuwa anapiga hesabu, niliona midomo yake. Nyundo alikuja akasimama mlangoni na spana mkononi. Akaegemea nguzo. Nikajua alikuwa amesikia yote.

Tulikaa hivyo. Sikuomba dua yenye maneno. Nilikuwa najiambia, kama amekufa huku ananipigia, basi mimi ndiye niliyemuua, kwa kupokea au kwa kutopokea, ni mimi tu. Nikajiona nimevaa sura ya yule mama na mkoba wake, naingia kwenye gereji za watu kuomba kukaa.

Kisha nikasikia honi.

Chiriku aliingia kama moto wa nyikani. "Mama! Una nini wewe? Unataka kuniua kwa presha?"

Nikakaa chini kwenye vipande vya sponji.

"Napiga hupokei! Napiga hupokei! Mimi najua umeanguka, umekufa, cherehani imekushona! Nikashindwa hata kuendesha. Nikaegesha pale kabla ya kona ya matangi, nikazima gari kabisa, nikashuka, niangalie kama mtandao unasumbua. Nimesimama pale nahangaika na simu juu hivi, mara wanatokea watoto wa shule. Wale wadogo kabisa, wa vidudu, wameshikana mikono, msururu mzima, mwalimu wao yuko mbele anawavusha palepale kwenye kona. Wananipungia mkono, mimi nalia! Wanasema dada wa mayai analia! Aibu gani hiyo, mama? Kwa nini hukupokea?"

Nyundo aligeuka akatazama ukuta. Yule mama alikaa kwenye kigoda taratibu, akafunika uso kwa kitambaa chake, na hapo ndipo alipolia.

"Huyu ni nani?" Chiriku akauliza, sauti imeshuka. Macho yake, nikaona, yalikuwa yananitazama usoni. Shingo imenyooka.

Kwenye trei hakukuwa na yai lililopasuka hata moja.

Tulikitoa kiti mchana uleule. Nyundo alifungua bolti, mimi nikakilaza kifudifudi uani, nikachana kitambaa cha chini kwa kisu changu. Pale sponji ilipobonyea, ndani kabisa, mahali ambapo mkono haufiki, nikagusa kitu kigumu. Simu. Ilikuwa imepinda, kioo kimepasukapasuka mpaka huoni rangi. Nyundo akabonyeza kila kinachobonyezeka. Imekufa, akasema, hii hata fundi wa simu haifufui.

Yule mama akaipokea kwa mikono miwili. Akaipangusa na upindo wa kitambaa chake, taratibu, jinsi unavyompangusa mtoto uji mdomoni.

Siku hizi tuna sheria nyingine. Chiriku akimaliza kupakia, kabla ufunguo haujagusa mahali pake, ananipigia. "Mama, naondoka." Namwambia, "Haya, mwanangu, macho mbele." Anakata simu, anaifungia nyuma pamoja na trei, ambako hata ikilia ni mayai ndiyo yatapokea. Akiona kuna jambo la lazima, anatafuta pa kuegesha, anazima gari, ndipo anapiga. Maji anakunywa kabla. Mwanzoni alinung'unika, oo, njia ndefu, oo, nitasinzia. Nikamwambia ukisikia usingizi simama ulale, mayai hayana haraka, yamekaa ndani ya kuku siku nzima hayakulalamika. Wenye maduka nao wamezoea. Nyundo amekonda.

Na mimi nimejifunza kumsindikiza mtu kwa kunyamaza. Ni kazi ngumu kuliko kushona ngozi mbichi, usione hivi.

Mama Nesi, ndivyo tunavyomwita, huja mchana kunisaidia kungoja. Kile kiti cha kijivu nilikitengenezea miguu ya mbao, kiko hapa bandani karibu na dirisha, na yeye hukaa humo akinikatia nyuzi. Simu ya binti yake ameiweka kwenye kopo langu la vifungo, kwa sababu nyumbani, anasema, haoni pa kuiweka. Dirisha langu lina pazia sasa. Yeye ndiye aliyelileta. Kitambaa cha maua ya bluu, mazito kidogo kwa banda la fundi, lakini siwezi kusema.

Jana Chiriku alikuwa ameshaaga, yuko barabarani. Tumekaa, hatuongei. Simu ya Mama Nesi ilikuwa juu ya meza, kati yetu, ikaanza kutetemeka. Nikatupa jicho bila kukusudia.

Kwenye kioo pameandikwa, "Mwanangu."

Nikalitazama kopo la vifungo. Simu ile ya marehemu ilikuwa imelala mlemle, imepinda, nyeusi, haina uhai. Na ya mama yake inaita mezani, inazunguka yenyewe kwa mtetemo, inagonga mkasi wangu. Nikamtazama yeye. Mwanamke huyu angetoa macho yake yote mawili asikie sauti ile tena, hata neno moja. Niliona mkono wake unakwenda. Niliona vidole viko juu ya kile kitufe cha kijani.

Akaigeuza simu, kioo chini. Akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo.

"Endesha kwanza, mama," akaiambia. "Pazia litasubiri."